Kioo cha Moto cha Injinia Ansbert

Cheo cha uinjinia Ansbert hakupewa na chuo chochote. Alipewa na wauza vitasa na bawaba wa Gerezani, kwanza kwa kejeli, kisha kwa mazoea, na mwishowe mwenyewe akakiamini. Juu ya mlango wa karakana yake, kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Narung'ombe, palikuwa na kibao cha rangi ya bluu: INJINIA ANSBERT, MADIRISHA YA KISASA NA UBUNIFU. Neno la mwisho aliliongeza baadaye, ndiyo maana lilibanwa pembeni na herufi zake zimekonda. Ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema, kwa sababu nikifika katikati ya kisa hiki huenda usiniamini.

Alizaliwa Kibosho, huko Kilimanjaro, mtoto wa tano katika nyumba yenye dirisha moja la mbao. Asubuhi za mwezi wa saba mama yake alilifungua kwa kulisukuma na kiwiko, kwa kuwa vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Alikuja Dar akiwa na miaka kumi na tisa, kumsaidia mjomba wake Rogath aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapo Kariakoo. Mjomba alitaka kumfundisha biashara. Yeye kila akipata nafasi alikimbilia uani kumtazama fundi vioo akikata kioo kwa kalamu ya almasi: kalamu inapita, kioo kinalia, fundi anagonga mara moja kwa kifundo cha kidole, kipande kinaachia. Baada ya miaka mitatu mjomba alisalimu amri, akamnunulia kalamu yake mwenyewe. "Nenda ukakate vioo," akamwambia, "lakini Krismasi tukienda nyumbani usije kuniambia huna nauli."

Nauli hakuwahi kuikosa. Alikuwa na jicho, hata maadui zake wa Gerezani walikiri. Wenzake walitengeneza dirisha, wakalipachika, wakaondoka. Ansbert alibaki kutazama jinsi watu wanavyoteseka nalo. Aliona wavu wa mbu unawekwa nje, na mwenye nyumba akitaka kuupangusa vumbi lazima apenyeze mkono kwenye nondo mpaka kwapani. Akatengeneza wavu unaochomoka kwa ndani, kama droo ya kabati. Aliona maji ya masika yanajaa kwenye reli ya chini na kumwagikia magodoro. Akatoboa vitundu vya kuyatolea nje, na leo kila fundi anatoboa vitundu hivyo na hakuna anayemtaja. Aliwahi pia kutengeneza dirisha lenye kengele ya kumfichua mwizi. Hilo lililia Ijumaa, katikati ya hotuba, kwa sababu ya upepo tu, na msikiti wa jirani ukatuma mtu. Ukitaka mkosane, mkumbushe habari ya kengele.

Kilichomuuma ni hicho cha kutotajwa. Miaka zaidi ya thelathini ya kuwafungulia watu madirisha, na hakuna kitu hata kimoja mjini kilichoitwa kwa jina lake. Alitaka siku moja mtu aseme, hili ni dirisha la Ansbert. Hilo tu. Si kosa kutaka hivyo, ila inategemea unamkanyaga nani ukienda kulichukua.

Sasa Bi Maimuna. Pale penye ghorofa la rangi ya krimu, mkabala na uchochoro wa Ansbert, zamani palikuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, na mwenye nyumba alikuwa mumewe. Mume alipofariki, watoto wakakubaliana na mjenzi, nyumba ikabomolewa, ghorofa likapanda, na mama akapewa sehemu yake orofa ya kwanza. Aliishi hapo na binti yake Tatu, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo. Baraza lilikuwa limekwenda na nyumba, basi dirisha likawa ndilo baraza lake. Asubuhi alikaa hapo, kanga kichwani, kanga mabegani, akiwatazama wapita njia kupitia nondo. Kwenye nondo palikuwa na kilango kidogo, na kwenye kilango palipita kikapu chenye kamba. Kikapu kilishuka na noti, kikapanda na ndizi mbivu, au tangawizi, au gazeti la jana ambalo halikununuliwa.

Na alikuwa anaitikia. Hilo ndilo watu wa mtaa ule watakueleza kwanza. Wabeba mizigo, wauza soksi, mabinti wa saluni, mtu akipita chini akasema "Shikamoo Bibi!", sauti ilishuka bila kuchelewa: "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Hakumruka mtu. Ansbert mwenyewe, kwa miaka ishirini na sita, kabla ya kufungua kufuli la karakana, alisimama barabarani na kuinua uso. "Shikamoo mama!" "Marahaba Injinia, leo umebuni nini?" Ansbert alicheka, siku ikaanza.

Mwaka juzi akapata kiharusi. Akapona nusu: mguu na mkono wa kushoto vikabaki vizito, na kifua kikawa kinambana akishikwa na joto. Daktari akasema chumba kiwe baridi. Tatu akauza bangili zake mbili za dhahabu, akaweka kiyoyozi, na dirisha likafungwa. Hapo ndipo shida ilipoanza. Nje joto na unyevu wa masika, ndani baridi, kioo kikawa kinatoka jasho upande wa nje kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Bi Maimuna alikaa pale pale, lakini mbele yake palikuwa na ukungu mweupe. Akiufungua upande mmoja ashushe kikapu, baridi inatoka, Tatu anagomba. Akifunga, haoni kitu.

"Kaka Ansbert," Tatu alimwambia siku moja karakanani, macho yamemjaa machozi, "mama anatazama ukuta wa maziwa kutwa nzima. Huna dawa?"

Dawa aliipata Buguruni, kwa wauza vyuma chakavu. Duka moja kubwa lilikuwa limefungwa, na friza zake za vioo zilikuwa zinapasuliwa ili kutolewa shaba. Ansbert aliiona milango miwili mizima imeegemezwa ukutani, akaganda pale. Alijua siri yake. Kioo cha friza ya dukani hakiwi na ukungu hata kikifunguliwa mara mia kwa siku, kwa sababu kimepakwa utando mwembamba usioonekana, na umeme ukipita humo kioo kinapata uvuguvugu, unyevu unakosa pa kukaa. Kwenye simu alishawahi kuona nyumba za Ulaya zenye madirisha ya namna hiyo, theluji imejaa nje na mtu amekaa kando ya kioo amevaa fulana. Alikuwa amemfikiria mama yake na kile kiwiko. Mama alikwishafariki, lakini Bi Maimuna yupo.

Aliinunua milango yote miwili, akaibeba kwa mkokoteni mpaka karakanani, na kwa siku nne hakupokea kazi nyingine. Usafi wa nia yake siku hizo nne siutilii shaka. Alijaribu nyaya, akakipulizia kioo mvuke wa birika, akaona mvuke unayeyuka kuanzia katikati kwenda pembeni. Akacheka peke yake. Alimwita hata Mektilda, dada wa Kimachame aliyekuwa anauza ndizi chini ya ghorofa la Bi Maimuna, aje aweke kiganja.

"Kina joto kama tumbo la mtoto," Mektilda alisema. "Injinia, hiki si cha mchezo."

Kosa lilitokea siku ya kupachika. Kioo cha aina ile hakikatwi. Ukikigusa na kalamu ya almasi kinasambaratika chembe chembe kama chumvi ya mawe. Kwa hiyo milango ilipaswa kukaa dirishani kama ilivyo, na kwa bahati ilienea, ikabaki nafasi ya kidole pande zote. Ilikuwa na bawaba zake na mikono yake ya kuvutia. Angeiacha hivyo hivyo, ingefunguka. Lakini Ansbert alirudi nyuma hatua tatu, akaitazama, akaona kitu kimoja tu: friza. Nani atasifu ubunifu unaofanana na mlango wa duka la maziwa? Akang'oa bawaba, akang'oa mikono, akavitupia kwenye kopo la rangi, na milango akaigandisha kwa gundi ya silikoni kuzunguka fremu nzima. Ikawa kioo kimoja kipana, hakina mstari, hakina komeo.

Bi Maimuna alikuwa anamtazama kutoka kwenye kiti chake. "Na kikapu changu kitapita wapi?"

"Nitakuwekea kidirisha pembeni, mama. Wiki ijayo."

"Kidogo tu, baba. Hata cha mkono kupita."

"Wiki ijayo, mama, usiwe na wasiwasi."

Tatu naye aliuliza swali lake: hicho kioo kinakula umeme kiasi gani? "Kama taa moja," Ansbert alijibu, bila kutazama pembeni. Hakuwa amepima. Alikuwa anajua jinsi ya kupima, kifaa kilikuwa mfukoni mwake, na hakupima kwa sababu aliogopa jibu.

Walipowasha kiyoyozi na kioo, ukungu ukaondoka, na mtaa mzima ukaingia chumbani: mabango, nyaya za umeme, makofia ya jua, ndizi za Mektilda. Bi Maimuna alitia mkono mdomoni. Ansbert alishuka ngazi kama mwenye mabawa.

Wiki ijayo ikawa wiki tano. Kwanza alikuwa na kazi Magomeni. Kisha alikuwa na mafua. Ukweli ni kwamba kidirisha kingevunja kile kioo kimoja kipana, na Ansbert alikuwa na wageni anaowasubiri. Umoja mmoja wa wabunifu wa mitaani ulikuwa unaandaa maonyesho viwanja vya Mnazi Mmoja, na alikuwa ameandika barua kuomba meza. Walimjibu kwamba watakuja kuona kwa macho yao. Mpaka hapo, alijiambia, dirisha lisiguswe.

Wakati huo, mtaani jambo lilikuwa linabadilika polepole. Watu walipita wakasema shikamoo, wakamwona bibi yule pale juu, wazi kabisa, kanga ya manjano, uso ule ule, na jibu halikushuka. Alikuwa anajibu. Midomo ilicheza. Ila kioo kile kilikuwa tabaka mbili, na barabara ya Kariakoo unaijua kelele zake. Wengine waliinua mkono wakaenda zao. Wengine waliacha kuangalia juu. Mbeba mizigo mmoja alisema, na Ansbert alimsikia, "Bibi siku hizi anajisikia. Ana AC." Ansbert angeweza kumwambia kwamba bibi hasikii wala hasikiki na aliyemziba ni yeye fundi. Alijifanya anatafuta kitu kwenye begi la vifaa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuamkia kwa kupunga mkono.

Wageni walifika Jumanne, saa tano asubuhi. Walikuwa watatu, na kiongozi wao alikuwa mama mmoja mchangamfu aitwaye Benedikta, simu mkononi. Ansbert alikuwa amevaa shati la kanisani. Hakuwapandisha juu, maana juu wangemsikia Bi Maimuna akidai kidirisha chake. Aliwasimamisha kando ya meza ya Mektilda na kuwaonyesha kwa kidole.

"Tazameni kile kioo. Mvua imenyesha alfajiri yote, AC inapiga humo ndani, na mnaweza kuhesabu maua ya pazia. Pale ndipo anapokaa mama yetu, mgonjwa. Ona, yule pale."

Wote wakainua nyuso. Bi Maimuna alikuwa amesimama. Hilo peke yake lilikuwa la kushangaza, maana kusimama kulimpa taabu. Alikuwa ameuegemeza mwili kwenye kioo na mkono wake wa kulia ulikuwa unapiga, kiganja wazi, unapiga, unapiga. Hapakuwa na sauti yoyote.

"Jamani, anatuamkia!" Benedikta alisema, akampungia, na kwa mkono mwingine akapiga picha.

Ansbert aliona kiganja. Aliona mdomo uko wazi. Kisha aliona kichwa. Kanga ilikuwa imedondoka mabegani na nywele zilikuwa nje, fupi, nyeupe pe. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuziona nywele za Bi Maimuna. Hakuna aliyewahi kuziona mtaani pale. Mwanamke yule angeweza kuwa na homa, angeweza kuwa na msiba, asingekaribia dirisha kichwa wazi. Mtu wa Kibosho aliyekaa Kariakoo umri ule anajua hilo kama anavyojua jina lake.

Sitaki kumsingizia kwamba hakuelewa. Alielewa. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja, mbili, alielewa kila kitu, na miguu yake ikataka kwenda. Kisha mgeni mmoja akauliza, "Na nyaya zinapita wapi, Injinia?" Neno hilo, injinia, kutoka kinywani mwa mtu mwenye kitambulisho shingoni. Ansbert akainua mkono. Akampungia Bi Maimuna, akatabasamu. "Mama yetu mcheshi sana," akasema, akawageuza wageni na kuwaongoza uchochoroni, karakanani, penye michoro na soda baridi.

Mektilda ndiye aliyeokoa. Alikuwa ameinama akimfungia mteja ndizi, na alipoinuka akatazama juu kufuata macho ya watu. "Yule haamkii!" alipiga kelele. "Yule anaita!" Aliacha meza yake bila mtu, akakimbilia ngazi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, Tatu akiwa dukani na funguo, kwa sababu mama alikuwa na tabia ya kujaribu kutoka. Mpaka Tatu apigiwe simu, mpaka wabeba mizigo wawili wavunje kitasa, dakika zilikuwa zimepita nyingi. Walimkuta ameanguka chini ya dirisha, amelowa chapachapa, kifua kinapiga filimbi. Kiyoyozi kilikuwa kimezimika. Mita ya umeme, LUKU, ilikuwa inasoma sifuri. Tatu alikuwa amenunua umeme wa kumtosha mpaka Alhamisi, kwa hesabu ile ile ya kabla ya kioo, akiamini kwamba kile kioo kinakula kama taa moja. Chumba kilikuwa kimezibwa pande zote, jua la saa tano limo ndani, na simu ya mama ilikuwa mezani upande wa pili, ambako asingeweza kuifikia bila fimbo, na fimbo ilikuwa imeteleza uvunguni.

Ansbert alisikia vurugu akiwa anafungua soda ya pili. Alipotoka, walikuwa wanamshusha. Tatu alikuwa anahangaika kumfunika mama yake kichwa huku analia. Ansbert alitaka kushika, lakini mikono ya watu ilikuwa imejaa pande zote, hapakuwa na pa kushika. Ndala za Bi Maimuna zilianguka ngazini. Akaziokota. Bajaji ikaondoka, na yeye akabaki barabarani na shati la kanisani, ndala za mama wa watu mkononi. Mektilda alimtazama mara moja, akarudi kwenye ndizi zake. Hakuna tusi ambalo lingemchoma kama hilo.

Jioni simu ililia. Ilikuwa picha kutoka kwa Benedikta, na maandishi: "Hongera Injinia! Meza yako ipo. Bibi yetu amependeza sana." Aliikuza kwa vidole viwili. Kioo kilikuwa safi ajabu, ungesema hakipo. Kiganja kimebonyea juu yake, cheupe kwa kukandamizwa. Mdomo. Nywele. Na macho, ambayo hayakuwa yanamtazama Benedikta wala Mektilda. Yalikuwa yanamtazama fundi wa dirisha.

Aibu ilimshika vibaya. Aliona aibu kula. Aliona aibu mkewe Vicky alipomuuliza kama ana malaria, na aibu zaidi alipojibu ndiyo. Alimwandikia Benedikta kwamba kioo kimevunjika, asimwekee meza, na huo nao ulikuwa uongo. Siku tatu alipita nyuma, kwa wauza ndoo, ili asipite chini ya dirisha ambalo lilikuwa halina mtu. Kibaya zaidi, hakuna aliyemlaumu. Walimpa pole. Tatu mwenyewe alimpigia kutoka hospitali: "Asante kaka, nimeambiwa ulihangaika mpaka ndala za mama umezitunza. Mungu akubariki." Ansbert alisema amina, kisha akakaa kwenye benchi la kazi, akafunika uso kwa tambara la kupangusia vioo, akalia.

Bi Maimuna alirudishwa nyumbani siku ya Ijumaa, hai, amepungua. Jumamosi asubuhi Ansbert alipanda ngazi na begi la vifaa, kopo la rangi lenye bawaba, na ndala ndani ya mfuko. Tatu alimfungulia, akaenda jikoni kuchemsha chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alikuwa kwenye kiti, kanga imefungwa kichwani kwa nguvu, imekazwa mpaka kwenye nyusi.

Aliweka ndala miguuni pake. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, na sasa yakatoka mengine. "Mama, naomba unisamehe. Siku ile nilidhani unatuamkia."

Bi Maimuna aliinua macho kutoka kwenye ndala. Sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na hasira. "Kwa kichwa wazi, Ansbert?"

Hakumwita Injinia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini na sita.

Jikoni kijiko kiligonga kikombe. Ansbert alitazama sakafu, akatazama ndala, akaona hapana pengine pa kutazama. "Niliona, mama," alisema. "Niliona nywele. Nilijua kuna jambo. Nilikuwa na wageni."

Alingoja atukanwe. Angelipokea tusi kwa mikono miwili. Bi Maimuna aligeuza uso wake kwenye kile kioo kisicho na doa, watu wanapita kule chini midomo inacheza, na akasema, "Nifungulie dirisha."

Alifanya kazi mpaka adhuhuri. Alikata silikoni kwa kisu, utepe mrefu mrefu, akaushusha mlango wa kwanza na kuuegemeza ukutani. Bawaba zilizokuwa kwenye kopo zilirudi kwenye matundu yake yale yale, hakuhitaji kutoboa hata moja. Hilo lilimchoma kuliko yote. Vioo vile vilizaliwa vikiwa vinafunguka, na kazi pekee aliyoifanya yeye, ubunifu wake wote, ilikuwa ni kuvizuia visifunguke. Akarudisha na mikono ya kuvutia. Ikaonekana friza mbili za duka la maziwa. Kisha akapima umeme, kwa kifaa kilekile cha mfukoni, akamwandikia Tatu jibu la kweli kwenye karatasi na kuibandika juu ya LUKU: kila saa moja kioo hiki kinakula kama taa ishirini na mbili, kiwashwe tu mama akitaka kuona.

Alipovuta mlango wa kwanza, kelele za Narung'ombe ziliingia zote kwa pamoja. Bi Maimuna alifumba macho. Kutoka chini mtu alipaza sauti, mshangao mtupu, "He! Shikamoo Bibi!"

"Marahaba mwanangu! Umeamkaje?" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilifika. Wakaitana. Walisimama wanne, watano, yule mbeba mizigo aliyesema bibi anajisikia akiwa wa kwanza, na kila mmoja alipata marahaba yake bila kurukwa. Kamba ya kikapu ikatafutwa chini ya kitanda.

Ansbert hakunywa chai. Alikusanya vifaa, akaaga, akashuka. Alisimama barabarani mahali pake pa siku zote, kando ya meza ya Mektilda, akainua uso. Dirisha lilikuwa wazi. Hapakuwa na kioo kati yao, wala ukungu, na Bi Maimuna alikuwa anamtazama yeye.

"Shikamoo mama!" alisema, kwa nguvu, kila mtu alisikia.

Bi Maimuna alitabasamu. Akainua mkono wake wa kulia, kiganja wazi, akampungia, taratibu, kama yeye alivyompungia. Marahaba haikushuka. Kisha akamgeukia Mektilda, akamuuliza kama leo ndizi zimeiva.